Kusema, Kusemea, Kusemesha

Kitenzi kimoja cha Kiswahili huzaa jamaa zima, na kila mtoto akatoka na tabia yake. Mtu husema. Akimsemea mwenziwe, amekalia kiti cha ulimi wa mwenziwe. Akimsemesha, amemtoa mwenziwe katika kimya na kumtia katika mazungumzo. Na huko kusemea nako kuna sura mbili ambazo wenye lugha wanazijua tangu utotoni. Wakili humsemea mshitakiwa, na hilo ni jambo la heri. Lakini mtoto wa mtaani akimwambia mwenziwe, "Nitakusemea kwa mama," haahidi utetezi hata kidogo. Anatisha. Neno ni lile lile, kiambishi ni kile kile, na baina ya maana hizo mbili mna nafasi ya kutosha kupita haki na dhuluma, bega kwa bega.

Katika nafasi hiyo ndimo anamofanyia kazi mwigizaji. Mshairi aghalabu husema yake, na hata akisema ya wengine huyatia muhuri wa jina lake katika beti za mwisho. Mwigizaji hana ruhusa hiyo. Hupanda jukwaani akiwa mtu mwingine, hulia machozi ya mtu mwingine, na pazia likishuka hupigiwa makofi kwa msiba usiokuwa wake. Swali ambalo makala haya yanalishughulikia ni la zamani, wala halijapata kuisha: je, ni halali mtu kuivaa sauti ya mwenziwe? Na kama ni halali, ni kwa masharti gani?

Wako waliolijibu kwa kukataa. Plato, katika kitabu chake cha Jamhuri, aliwatilia shaka washairi na waigaji, akihofu kwamba mwenye kujizoeza kuwa kila mtu mwishowe huwa si mtu yeyote. Wazee wengi wa pwani nao, bila kumsoma Plato, waliwakataza mabinti zao jukwaa kwa hofu iliyo jirani na hiyo: kwamba uso ukishaazimwa haurudi nyumbani ulivyotoka. Methali ya Waswahili yasema nguo ya kuazima haisitiri matako. Yafaa basi kuuliza kama sauti ya kuazima husitiri chochote, na husitiri cha nani.

Swali la namna hii halipimwi vyema hewani. Lataka mahali penye watu. Na mahali pamoja panapolistahili ni Hombolo, kiasi cha kilomita 40 kaskazini mashariki ya mji wa Dodoma, katika nchi ya Wagogo. Ni nchi ya uwanda mkavu, ya mtama na uwele, na siku hizi ya zabibu pia. Mvua yake ni ya msimu mmoja, na ikikosa imekosa. Bwawa la Hombolo, lililochimbwa mwaka 1957, limewapa watu samaki na maji ya kumwagilia, nalo likaupa mji jina la pili, kwani mpaka leo kuna Hombolo Bwawani na kuna Hombolo Makulu. Msomaji wa visiwani, aliyezoea kuiona bahari asubuhi na jioni, huenda akashangaa kwamba huko bara ya ndani maji yaliyotuama ndiyo yanayopewa heshima ya kutajwa katika anwani.

Hombolo ina mambo matatu yanayolihusu swali hili moja kwa moja. La kwanza ni kituo cha wagonjwa wa ukoma, kilichoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana. Miaka mingi kabla ya dawa mseto za miaka ya 1980 kuufanya ugonjwa huo uwe wa kutibika kama mwingine, mtu aliyepatwa na ukoma alisemewa na kila mtu: na jamaa waliomficha, na mganga aliyemhukumu, na mhubiri aliyemfanya mfano wa dhambi au wa huruma. Yeye mwenyewe hakuulizwa. La pili ni Chuo cha Serikali za Mitaa, ambamo hufundishwa watendaji wa vijiji na kata, yaani watu ambao kazi yao ya kila siku ni kuwasemea wananchi mbele ya serikali na kuisemea serikali mbele ya wananchi. La tatu ni ngoma ya muheme.

Muheme ni ngoma ya wanawake wa Kigogo. Mwanamke huibana ngoma baina ya mapaja yake, akaipiga kwa viganja, na wenziwe wakamfuata kwa ngoma kubwa na ndogo huku wakiimba na kuinua mikono. Aliyepata kuwaona wapiga muheme wakiingia uwanjani hana haja ya kuelezwa kwamba huu ni mchezo kamili wa kuigiza: mna kiongozi na waitikiaji, mna mavazi ya shanga, mna kisa kinachoanza, kikapanda, kikashuka. Asili yake, hata hivyo, si uwanja wa sherehe. Asili yake ni unyago wa wasichana. Ngoma hiyo ilimtoa binti utotoni na kumkabidhi kwa wakubwa, na sehemu ya nyimbo zake hazikukusudiwa masikio ya wapita njia. Ilikuwa sauti ya kina mama ikimsemea binti mbele ya jamii yake: huyu sasa ni wetu, mhesabuni.

Kabla ya kurudi katika ngoma hiyo, na katika jambo zito lililofungamana nayo, yafaa kumtazama mwanamke mmoja ambaye maisha yake ya jukwaani na katika filamu yamezunguka swali hili hili. Naye ni Amandina Lihamba.

Alizaliwa mwaka 1944, mkoani Morogoro, njiani baina ya pwani na uwanda wa kati. Alikuwa mwalimu wa sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na shahada yake ya uzamivu, aliyoipata Leeds, Uingereza, mwaka 1985, ilihusu siasa na tamthilia katika Tanzania baada ya Azimio la Arusha. Lakini yeye hakuwa mtu wa kuandika juu ya jukwaa akiwa ameketi mbali nalo. Alicheza, aliongoza, alitunga. Kizazi chake cha wasanii wa Chuo Kikuu kiliurudisha mchezo wa kuigiza kwa wenyewe, kwa ngoma, wimbo, hadithi ya paukwa na mwitikio wa hadhira, baada ya miaka ambayo tamthilia ilieleweka kuwa ni watu kusimama wima na kupokezana sentensi za Kiingereza. Pamoja na Penina Muhando na Ndyanao Balisidya aliandika Harakati za Ukombozi, na mwaka 1992 akatoa Mkutano wa Pili wa Ndege, tamthilia ambayo jina lake peke yake lamkumbusha msomaji wa pwani ile safari ya ndege ya Fariduddin Attar.

Mwaka 1980 kilichapishwa kitabu chake Hawala ya Fedha, mchezo alioutoa katika hadithi ya Sembène Ousmane wa Senegali. Jambo hilo lastahili kutuliwa kidogo, maana mfasiri na mwigizaji ni ndugu wa tumbo moja. Mfasiri naye husemea. Huchukua maneno ya mtu asiyejua kwamba yanachukuliwa, akayapeleka kwa watu asiowajua mwenyewe. Mzee wa Dakar aliyehangaishwa na hawala isiyolipika akawa mzee wa Dar es Salaam, na hakuna aliyeibiwa. Sababu yake si ngumu. Mzee wa Dakar hakunyang'anywa kitu kwa kuongezewa ndugu. Huo ni mfano wa kwanza kwamba kusemea si lazima kuwe kunyang'anya. Kwaweza kuwa kuongeza. Lakini mzee huyo alikuwa wa hadithini. Wa damu na nyama ni shauri jingine.

Katika filamu, Lihamba alikabidhiwa wanawake wawili ambao shida yao ilikuwa hiyo hiyo ya sauti. Wa kwanza ni katika Arusi ya Mariamu, filamu fupi ya mwaka 1985 ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill. Mariamu ni mgonjwa. Hospitali zimemshindwa, na mganga wa jadi anamwogopa kwa sababu ya jambo lililompata babake alipokuwa mtoto. Ugonjwa wake ni neno lililokwama. Wa pili ni Samehe, katika Maangamizi, filamu ya mwaka 2001 iliyoongozwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill, ambayo ndiyo filamu ya kwanza Tanzania kuipeleka kushindania tuzo ya Oscar. Samehe yumo katika hospitali ya wagonjwa wa akili, na miaka mingi imepita bila ya yeye kusema. Daktari mwanamke anakuja kutoka Marekani, akikusudia kumponya, na kadiri anavyomkaribia ndivyo anavyogundua kwamba na yeye ana wafu wake wasiozikika.

Msomaji autafakari mtihani wa mwigizaji huyo. Kazi yake ni kusema, naye amepewa mtu asiyesema. Angeweza kumfanya Samehe kuwa kioja, macho yakizunguka na mikono ikitetemeka, kama wafanyavyo wachekeshaji wakiigiza kichaa. Watanzania wanaijua tabia hiyo. Dodoma ndiko iliko Mirembe, hospitali kongwe ya maradhi ya akili, na jina la hospitali hiyo limegeuzwa tusi kote nchini. Mtu akifanya jambo lisiloeleweka, wenziwe humwambia atapelekwa Mirembe, nao hucheka. Kicheko hicho ni kusemea kwa sura yake mbaya: mgonjwa amepewa maneno na mtu ambaye hakupata kumsikiliza. Kucheza kama alivyocheza Lihamba ni kukiacha kimya kiwe kimya, chenye uzito na mwenyewe, hata mtazamaji ajikute anasubiri. Methali yasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mwigizaji mwema hauharakishi mshindo.

Hapo pazaliwa jibu la sehemu kwa Plato na kwa wazee wa pwani. Kuigiza si uongo, kwa kuwa uongo wahitaji mtu wa kudanganywa, na hadhira yajua. Aliyelipa kiingilio ameshakubaliana na mwigizaji kwamba watapita pamoja katika mfano. Basi kosa la jukwaa, likiwapo, latoka katika mlango mwingine kabisa: ule wa unyang'anyi. Mtu aweza kuigizwa kwa ukweli kabisa na bado akawa ameporwa, ikiwa baada ya maonyesho kila mmoja anaondoka na hakika kwamba ameshamsikia, na hivyo hana haja tena ya kumsikia yeye mwenyewe. Uigizaji mzuri una hatari kuliko mbaya, kwa sababu unashibisha.

Kuna wakati, hata hivyo, ambapo kunyamaza kwa kuhofia unyang'anyi ni dhambi kubwa zaidi. Watu wa Unguja wana ushahidi wa hilo katika mwanamke wao mashuhuri. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, muuza vyungu aliyegeuka malkia wa taarabu, aliyerekodiwa santuri Bombay mwaka 1928 na ambaye Shaaban Robert aliuandika wasifu wake, aliimba wimbo juu ya Kijiti. Kisa chake ni cha mwanamke aliyefika Unguja kutoka bara akauawa kikatili; aliyeshutumiwa alitorokea ng'ambo, na waliosimama kutoa ushahidi ndio walioadhibiwa. Mwanamke yule alikuwa maiti. Hakuwa na namna ya kuja mbele ya hakimu kusema neno lake, na mahakama ya mkoloni ilikuwa imeshaonyesha wapi yalipo masikio yake. Lau Siti angengoja mwenye haki ajisemee, angengoja mpaka Siku ya Hukumu. Alimsemea, na kwa kumsemea akawafanya watu wa Ng'ambo waione kuwa ni kesi ya wote.

Basi sharti la kwanza laweza kuandikwa hivi: kusemea ni wajibu pale mwenye neno amezibwa kinywa asiweze kukifungua, kama maiti, kama kichanga, kama aliyefungwa mahali pasipofika sauti. Na kinyume chake ni kweli pia. Pale mwenye neno yupo, yu hai, na amesimama hatua tatu kutoka jukwaani, aliyeshika kipaza sauti hana budi kujieleza kwa nini bado amekishika.

Sharti hilo likirudishwa Hombolo, lakutana na jambo zito. Miongoni mwa Wagogo, kama ilivyo kwa baadhi ya makabila jirani, unyago wa wasichana kwa muda mrefu uliandamana na ukeketaji. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliharamisha kumkeketa msichana asiyefikia umri wa miaka 18. Baada ya sheria hiyo desturi ilipungua, lakini haikwisha. Mkoa wa Dodoma uliendelea kuhesabiwa miongoni mwa ile ambayo kisu kilikuwa bado kinafanya kazi, na mahali pengine kikahamia kwa watoto wachanga, ambao hawana kumbukumbu wala ushahidi. Yaani sheria ilipowalinda wenye kuweza kusema, desturi ikawafuata wasioweza. Hilo peke yake lingetosha kumkosesha usingizi mtu yeyote anayefikiri juu ya sauti.

Ni nani basi wa kumsemea binti wa Hombolo? Wadai ni wengi. Mama husema: huyu ni mwanangu, na uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, muheme yangu ndiyo itakayomtangaza. Serikali husema kupitia mtendaji aliyehitimu chuo kilicho pale pale kijijini. Mashirika husema kwa mabango na fulana. Msanii wa mjini husema kwa mchezo wa nusu saa uliotungwa Dar es Salaam, ambamo ngariba ni bibi mwovu mwenye sauti ya kukwaruza, na mama ni mjinga. Binti ameketi katika mstari wa mbele, juu ya mchanga, akiwatazama watu wanne wakigombania kinywa chake.

Haifai kuwapima wadai hao kwa mizani moja na kuwatangaza wote kuwa wanyang'anyi. Sheria ina haki yake: mtoto wa miezi sita hawezi kujitetea, naye yumo katika daraja lile la maiti wa Siti, la wale ambao kuwasemea ni faradhi. Mama naye si adui wa hadithi. Ngoma anayoipiga ni sanaa ya hali ya juu, aliyoipokea kwa mamake, na mtu akiitukana muheme yote kwa sababu ya kisu amemkata mkono mpiga ngoma ili kumponya kidole. Wanawake wengi wa Ugogo wametenganisha mambo hayo mawili kwa akili zao wenyewe: ngoma imebaki, ikatoka unyagoni ikaja katika sherehe za taifa, katika misa za makanisani, na katika Tamasha la Muziki wa Cigogo linalofanyika Chamwino. Anayestahili lawama kubwa katika wale wanne, ingawa nia yake ni njema, ni yule msanii wa mjini. Yeye ndiye pekee aliyekuja na maneno yaliyokwisha kuandikwa kabla hajafika.

Lihamba na wenzake waliliona tatizo hili mapema, na thamani ya kazi yao imo katika namna walivyobadilika. Katika miaka ya 1980 walianza kwenda vijijini, Malya na Msoga miongoni mwa hivyo, wakakaa na watu, wakatafiti pamoja nao, na mchezo ukachomoza katika ngoma za wenyeji wenyewe badala ya kushushwa garini kama mizigo. Kisha mwaka 1996, Lihamba na Penina Mlama, ambaye ndiye yule yule Penina Muhando wa tamthilia, walianzisha katika shule za sekondari mradi uliopewa jina la Tuseme. Wasichana wenyewe hutaja yanayowazuia kusoma, hutafuta chanzo chake, hulitungia mchezo, nyimbo na ngonjera, kisha huucheza mbele ya walimu, wazazi na wakuu wao, na baadaye hufuatilia kama waliyoyasema yamefanyiwa kazi. Mradi huo ukachukuliwa na jumuiya ya wanawake waelimishaji wa Afrika, FAWE, ukasambaa katika nchi nyingi za bara hili.

Mwigizaji aliyemcheza Samehe, mwanamke asiyesema, ndiye pia aliyesaidia kuzaa mradi uitwao Tuseme. Mtu mwenye haraka angeliona hilo kuwa ni kuliacha jukwaa na kwenda kufanya kazi ya maana. Yamkini ni kinyume. Aliyekaa ndani ya kimya cha mwingine, akakisikia kina uzito gani, ndiye anayejua kwamba kimya hicho hakivunjwi kutoka nje. Kazi ya mwigizaji huyo ilifika mwisho wake wa kimantiki: baada ya kusema na kusemea, akafika katika kusemesha.

Hapa panaonekana kama bandari, na wengi waandikao juu ya mambo haya hutia nanga hapa. Lakini maji bado yana miamba. Kusemesha nako kuna hila zake. Mwalimu anayemwambia msichana, "Sema ulivyo nayo moyoni," ndiye yule yule atakayechagua onyesho lipi lichezwe siku ya mgeni rasmi. Mfadhili aliyelipia basi na chakula anataka kusikia jambo fulani, na watoto wana akili. Hulijua jambo hilo kabla halijatamkwa, wakalisema. Kinywa ni cha mtoto, na bado maneno ni ya kuazima, tena kwa siri zaidi kuliko pale mwigizaji anapovaa kofia na kila mtu akaiona kofia.

Mwamba wa pili ni mkali zaidi. Msichana aliyesimama mbele ya kijiji akasema hataki kukatwa, au hataki kuolewa, atalala wapi usiku huo? Wageni wameshapanda gari lao. Vumbi la barabara ya Dodoma limetua. Yeye anarudi katika nyumba ambayo baba ameaibishwa hadharani na bibi anasonya jikoni. Aliyemsemesha amemfanya awe na sauti, na sauti hiyo ina gharama, na gharama hiyo inalipwa na mtu mwenye umri wa miaka kumi na mitatu. Kumsemesha mtu bila ya kubaki naye ni kumwasha kama taa katika upepo. Ndiyo maana sehemu yenye heshima zaidi katika mpango wa Tuseme ni ile isiyopendeza kutazamwa: kule kufuatilia, baada ya makofi, kama bweni limejengewa ukuta na kama mwalimu aliyetajwa ameitwa mbele ya bodi.

Mwamba wa tatu ni haki ya kunyamaza. Zama hizi zimeshika imani kwamba kila aliyenyamaza anaumwa na dawa yake ni kusema. Waswahili hawajapata kuamini hivyo. Sitara kwao ni fadhila, na kuna mambo ambayo mwanamke huyabeba mpaka kaburini kwa hiari yake, bila ya kuwa mtumwa wa mtu. Watu waliozeeka katika kituo cha ukoma cha Hombolo, baada ya maisha ya kusemewa, huenda wasitake kuwa wahusika wa tamthilia ya mtu yeyote, hata iliyo bora. Kuwaheshimu ni kuwauliza, na kuwauliza ni kuwa tayari kwa jibu la "hapana", na kisha kuondoka bila ya kinyongo. Msanii asiyeweza kuondoka mikono mitupu hajafika kuuliza, amefika kuchukua.

Na kuna la malipo. Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyezaliwa mwaka 1938 na kufariki mwaka 2003, aliipeleka ilimba na chizeze duniani kote akitokea Bagamoyo. Jina lake likatamkwa katika kila tamasha. Nyuma yake, miaka yote, walikuwapo wanawake wa jamaa yake, wakipiga muheme na kuitikia, na katika santuri walikuwa sauti zisizo na majina. Mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose, binti yake na mjukuu wake, walitoa santuri yao ya kwanza, Maisha, kwa jina la The Zawose Queens, wakiimba mbele na kupiga wenyewe vyombo vilivyokuwa vya wanaume. Yapo mengi ya kusema juu ya soko la muziki wa dunia, na si yote ni mazuri. Lakini jambo hili ni la haki: aliyeitikia ameitwa kwa jina. Mshairi wa pwani, ambaye hakubali utenzi uishe bila ya kujitaja, ndiye wa kwanza kupaswa kulielewa. Mwana Kupona alipomwandikia bintiye utendi mwaka 1858 akiwa mgonjwa, hakungoja mtu wa kumsemea, na kwa sababu hiyo jina lake limevuka karne.

Masharti ya kuivaa sauti ya mwenziwe, basi, yaonekana kuwa manne. Mwenyewe awe hawezi kusema, au awe ameombwa na ameridhia. Kimya chake kisijazwe kwa haraka na maneno ya mgeni. Faida ya sauti hiyo, iwe ni sifa au ni fedha, imrudie. Na aliyemsemesha abaki mpaka gharama ya kusema imelipwa, asimwachie mdogo deni la mkubwa. Hayo ni masharti ya amana, na sauti ya mtu ni amana kama mali ya yatima: yaweza kutumiwa na mlezi, lakini siku ya hesabu lazima irudishwe, nayo isiwe imepungua.

Masharti hayo hayamfanyi mwigizaji kuwa mtakatifu, wala hayamfanyi mwongo. Yanamfanya kuwa mlezi, kazi ambayo wengi huifanya vibaya na wachache vizuri. Na kipimo cha ulezi huo hakimo katika ukumbi wakati wa makofi. Kimo Hombolo, mwezi mmoja baadaye, wakati wa jua kuchwa, kina mama wanapotoa ngoma zao nje na kuzibana mapajani, na binti mmoja akaulizwa kama atacheza. Ikiwa aweza kusema ndiyo, na aweza kusema hapana, na kwa majibu yote mawili akapata chakula chake cha jioni, wale waliomtangulia kusema walifanya kazi yao.